Ahadi za tabianchi: nani kalipa deni, nani anapiga danadana? Tuanzie na bomba la Bariadi



Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Bariadi mjini, nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni, nasubiri jamaa amalize kuprinti fomu zake za mkopo wa chuo. Redio ya dukani ikawa inasoma habari za mabadiliko ya tabianchi: nchi fulani imeahidi hiki, nchi fulani imeahidi kile. Jamaa akacheka, akanigeukia: "Wewe si ndio unaandikaga mambo mtandaoni? Hebu niambie, hizi ahadi kuna mtu anazikagua? Au ni kama za wagombea wakati wa kampeni?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia nitaandika. Ahadi ni deni, kwa hiyo leo nalipa.

Naomba nianzie nyumbani, maana ukianzia Paris watu wa hapa wanasinzia.

AHADI ILIYOPITA MLANGONI KWETU

Mwezi Aprili 2017 mimi nilikuwa darasa la sita. Mwezi huo huo, huko Songdo, Korea Kusini, bodi ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ilikaa na kupitisha mradi wenye jina la mkoa wetu. Simiyu. Ruzuku ya euro milioni 102.7. Ukijumlisha na pesa ya benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na mchango wa serikali yetu, mradi wote ulikuwa wa takriban euro milioni 143.

Kazi yenyewe: kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria upande wa Busega, kuyasafisha, kuyapeleka Bariadi na Itilima, kisha awamu ya pili Maswa na Meatu. Humo humo kuna vyoo bora na kilimo kinachohimili ukame. Sababu ya kupewa pesa ya tabianchi iko wazi kwa yeyote aliyelima pamba huku: mvua haieleweki. Inachelewa, inakuja kwa fujo, inakata pamba ikiwa bado changa. Mito yetu mingi kiangazi inabaki mchanga mtupu, na akina mama wanachimba humo humo kwenye mchanga wapate maji.

Sasa hesabu na mimi. 2018 nikamaliza la saba. 2022 nikamaliza form four. Juni 2025 Rais Samia alipokuja kwa ziara mkoani kwetu, mradi ulikuwa bado kwenye ujenzi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule mradi unapitishwa, kama hakurudia darasa, 2025 alikuwa form two.

Nina binamu yangu wa kike kule Itilima, umri wake ndio huo. Kiangazi anaamka saa kumi usiku kwenda kusubiri zamu kisimani, akirudi ndio anajiandaa na shule. Kipindi cha kwanza kwake ni kama hadithi, anasimuliwa na wenzake. Kuna siku nilimweleza habari za huu mradi, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo maji yangu yalishalipiwa?"

Wadau, nilikaa kimya. Maana jibu ni ndiyo na hapana, na hiyo ndiyo hali ya ahadi zote za tabianchi duniani. Zimetolewa. Nyingine zimelipwa. Lakini kati ya mtu kuahidi na maji kutoka bombani kuna safari ndefu, na njiani kuna watu wengi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mradi ni hewa. Lakini tuelewe foleni ilivyo: mfuko unapitisha, mfuko unasaini na benki, benki inasaini na serikali, anatafutwa mshauri, mchoro unafanywa, zabuni inatangazwa, mkandarasi anapatikana, ndipo mtaro unaanza kuchimbwa. Ukame wenyewe haujui mambo ya zabuni.

HIZI AHADI ZINATOKA WAPI?

Haya, sasa twende Paris.

Zamani kulikuwa na Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997. Hiyo ilikuwa kali kidogo: nchi tajiri zilipangiwa kiwango cha kupunguza gesi zinazopasha joto dunia. Ikawaje? Marekani ilisaini lakini haikuwahi kuiridhia. Kanada iliridhia, ikaona haifikishi lengo lake, Desemba 2011 ikatangaza kujitoa. Yaani mwanafunzi kaona mtihani mgumu, katoka chumbani.

Ndiyo maana Mkataba wa Paris, uliopitishwa 12 Desemba 2015, ukaja na staili nyingine. Kila nchi inajiandikia yenyewe ahadi yake. Sheria zake kwa kifupi ni hizi:

1. Kila baada ya miaka 5 unaleta ahadi mpya, na inatakiwa iwe kubwa kuliko ya mwanzo.

2. Kila baada ya miaka 2 unaleta ripoti ya ulichofanya. Ripoti za kwanza zilitakiwa kufika kabla ya 2024 kuisha. Wataalamu wanazipitia na nchi nyingine zinauliza maswali.

3. Kila baada ya miaka 5 dunia nzima inajipima kwa pamoja. Kipimo cha kwanza kilikamilika Dubai, Desemba 2023.

4. Usipotekeleza, hakuna faini. Hakuna polisi wala jela.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa jamaa yangu wa fomu za mkopo: wakaguzi wapo, viboko hawana.

Wengine watasema basi mkataba hauna maana. Subirini kwanza, tuone matokeo.

RIPOTI YA SHULE YA DUNIA

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kila mwaka linatoa ripoti ya pengo: kilichoahidiwa na kinachofanyika. Lengo la Paris ni joto la dunia lisipande zaidi ya digrii 1.5, au angalau libaki chini kabisa ya 2, ukilinganisha na zama za kabla ya viwanda. Ripoti ya 2025 inasema hivi:

Nchi zote zikitekeleza kila walichoandika, joto litapanda kati ya digrii 2.3 na 2.5 mwishoni mwa karne hii.

Zikiendelea na sera zilizopo sasa hivi, itakuwa digrii 2.8.

Angalia hapo vizuri, maana watu wengi huchanganya. Kuna mapengo mawili. La kwanza ni kati ya mdomo na mkono: 2.8 dhidi ya 2.3 hadi 2.5. Mtu kasema, hajafanya. La pili ni kati ya mdomo na mahitaji: hata wote wakitimiza, bado tunapita digrii 2. Yaani ahadi zenyewe ni ndogo. Ni kama familia yenye deni la laki tano, watoto wote wakaahidi kuchanga, ukijumlisha ahadi zao unapata laki tatu, halafu mkononi zikaja laki mbili. (Mfano tu huo, msininukuu.)

Na gesi zenyewe hazijapungua. Mwaka 2024 dunia ilitoa tani bilioni 57.7, ongezeko la asilimia 2.3 kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka huo huo ukawa wa joto zaidi tangu watu waanze kupima.

Lakini haki itendeke. Mwaka 2015, kabla ya hizi ahadi, makadirio yalikuwa tunaelekea digrii 3 hadi 3.5. Kushuka mpaka 2.8 si mchezo. Kwa hiyo ahadi zisizo na kiboko zimefanya kazi kiasi. Hazijafanya ya kutosha.

NANI ANAFANYA, NANI ANASINGIZIA?

Uingereza. Hawa ndio walioanza mambo ya makaa ya mawe. Kituo cha umeme wa makaa kilianza London mwaka 1882. Tarehe 30 Septemba 2024 walizima cha mwisho. Gesi zao zimepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1990. Hapo mtu anastahili vema.

Uchina. Huyu ni mgumu kumpa alama. Anatoa zaidi ya robo ya gesi zote za dunia na bado anajenga vituo vya makaa. Halafu huyo huyo ndiye anayefunga sola nyingi kuliko nchi yoyote, na sola nyingi mnazoziona kwenye maduka yetu zimetoka kwake. Mwaka 2025 aliahidi kupunguza asilimia 7 hadi 10 kutoka kilele chake, ifikapo 2035. Ni mara ya kwanza kutoa ahadi ya kupunguza jumla ya gesi zake. Wataalamu wengi wanasema ni kidogo.

Marekani. Huyu anaingia na kutoka kama mlango wa duka. Alitoka Paris Novemba 2020, akarudi Februari 2021, Januari 2025 Rais Trump akasaini tena kutoka, na kutoka huko kukaanza rasmi Januari 2026.

Wengine wote? Ahadi mpya zilitakiwa kufika 10 Februari 2025. Kati ya wanachama zaidi ya 190, waliowahi hawakufika 15. Mwalimu wa zamu angewapigisha magoti wengi siku hiyo.

PESA SASA

Hapa ndipo penye mambo yetu sisi. Tanzania tunatoa gesi kidogo sana ukilinganisha na hao wakubwa. Kwa hiyo kwa nchi kama yetu ahadi yenye uzito ni ile ya pesa: ya kuhimili ukame na mafuriko.

Mwaka 2009, Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulipofika zilikuwa bilioni 83.3. Mwaka 2021 bilioni 89.6. Mwaka 2022 ndio wakafika, tena wakavuka: bilioni 115.9. Walichelewa miaka miwili, lakini walilipa.

Ila tafuna taratibu kabla ya kupiga makofi. Kwenye fungu lililotoka kwa serikali na mabenki ya maendeleo, karibu asilimia 70 ilikuwa mikopo. Mtu kaunguza nyumba yako, anakuja kukukopesha mabati. Ruzuku kama hii ya Simiyu ni fungu dogo, na ndiyo maana mimi ninaihesabu kuwa kitu kikubwa hata kama imechelewa.

Pili, pesa ya kuhimili, yaani visima, mabwawa, mbegu na kingo za mafuriko, ni ndogo kuliko mahitaji. Glasgow 2021 nchi tajiri ziliahidi kuizidisha mara mbili ifikapo 2025, ifike kama dola bilioni 40. Kwa hesabu ya UNEP, mwaka 2023 ilikuwa bilioni 26, na mwaka uliotangulia ilikuwa 28. Yaani badala ya kupanda ikashuka. Mahitaji ya nchi zinazoendelea ifikapo 2035 ni angalau bilioni 310 kwa mwaka. Hiyo ni kama mara 12 ya kinachokuja.

Sasa sikia hii ya mfuko uliopitisha mradi wetu. Marekani iliuahidi dola bilioni 3 mwaka 2014. Mwaka 2023 ikaongeza ahadi ya bilioni 3 nyingine. Jumla 6. Zilizolipwa ni 2. Zile 4 zilifutwa mwaka 2025, na Januari 2026 nchi hiyo ikatangaza kujitoa kabisa kwenye mfuko.

Mradi wa Simiyu ulishapitishwa kitambo. Ila mkoa mwingine ambao sasa hivi unaandika maombi yake, tuseme huko kwenye ukame wa Dodoma au Turkana kwa jirani zetu, unakuta foleni ndefu na kapu limepungua. Hapo ndipo mtu wa kijijini anakutana na uamuzi wa Washington bila kujua.

Baku, Novemba 2024, wakaahidi upya: dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi zinazoendelea zilikuwa zimetaka trilioni 1.3. Mnajua wenyewe bei ya mnadani ilivyo, unataja laki unapewa elfu ishirini. Na hiyo elfu ishirini utaipata baada ya miaka kumi.

NA SISI JE?

Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kile wanachofanya wanasiasa: kunyooshea kidole wazungu halafu nakwenda kulala. Tanzania nayo ina karatasi yake ya ahadi. Mwaka 2021 tuliahidi kupunguza gesi kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na vile zingekuwa bila kufanya lolote, na tukasema hilo linategemea msaada wa nje.

Kwetu gesi nyingi zinatokana na kukata miti na kufyeka mashamba. Takwimu ya serikali inayotajwa sana ni hekta zipatazo 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka. Ndiyo maana ahadi yetu kubwa inayopimika ni ya jikoni. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia: asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imetoa agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024.

Tarehe hiyo imeshapita. Mimi nilipita karibu na shule moja ya bweni, jina naliacha, nikakuta rundo la magogo nyuma ya jiko limefika dirishani. Nikamuuliza mpishi, mama mtu mzima, macho mekundu kwa moshi. Akasema, "Mwanangu, gesi waliitaja. Mtungi hawakuleta."

Umeona? Maneno yale yale ya binamu yangu. Sisi tunawadai wakubwa, na huyu mama anatudai sisi.

Lakini pia kuna ahadi ambayo watu wa ukanda huu waliitimiza bila kwenda Paris. Wazee wetu wa Kisukuma wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili nyasi na miti virudi, ng'ombe waje kula kiangazi. Miaka ya 1980, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado ziko mkoa wa Shinyanga, ngitili zilikuwa zimekaribia kwisha. Ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuanzia 1986 hadi 2004. Badala ya kuleta kitu kigeni wakasema rudisheni ngitili zenu. Zilirudi zaidi ya hekta 300,000. Kilichofanya kazi ni kwamba aliyeahidi na aliyedai walikuwa kijiji kimoja, na ukiingiza ng'ombe wako kabla ya siku, sungusungu wanakujua kwa jina na kwa baba yako.

Hicho ndicho kinachokosekana Paris. Mdai hamjui mdaiwa, na hana pa kumkamatia.

KUNA PA KUKAMATIA KIDOGO

Habari njema kwa vijana wenzangu. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, tawi la Vanuatu, nchi ya visiwa ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwenye ramani, waliamua kwamba suala hili liende Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Waliishawishi serikali yao. Serikali ikazishawishi nyingine. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali kuiuliza mahakama. Tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikajibu: kulinda hali ya hewa ya dunia ni wajibu wa kisheria, si hisani, na nchi inayokiuka inaweza kudaiwa fidia.

Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu pingu. Lakini sasa mwanasheria yeyote ana karatasi ya kusimamia. Na walioanza walikuwa wanafunzi, wana madaftari kama sisi.

SASA TUFANYEJE?

Ukisikia ahadi yoyote ya tabianchi, iwe ya rais wa nchi kubwa au ya mwenyekiti wa kijiji, iulize maswali matano. Ni kiasi gani? Ifikapo lini? Pesa ya nani, ruzuku au mkopo? Nani anatoa ripoti? Na mwisho lile la binamu yangu: imefika kwa nani?

Kwa sisi wa Simiyu swali la tano tunaweza kuliuliza wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Inua mkono. Uliza bomba la maji ya ziwa limefika kata gani, lini litafika kwenu, na kituo cha kuchotea kitakaa wapi. Watakushangaa mara ya kwanza. Mara ya tatu watakuja na majibu yameandikwa.

Nami nataka tuanze hapa hapa. Wadau mlioko Busega, Itilima, Maswa, Meatu na Bariadi vijijini, andikeni kwenye maoni hapo chini: kwenu kumefika nini? Mtaro, bomba, tenki, maji, au hakuna kitu? Taja kata na mwezi ulioona. Msiandike majina ya watu, hatutafuti ugomvi. Nitakusanya yote niyaweke kwenye orodha moja, halafu kila baada ya miezi mitatu tutaipitia upya.

Na wewe jamaa wa fomu za mkopo, kama umefika mpaka hapa: ulisahau kitambulisho chako kwenye mashine ya fotokopi. Kipo kwa dada wa kaunta.

Naomba kuwasilisha.